Selfu ya Baba Iliuzwa kwa Kilo

Mwezi uliopita niliacha Land Rover yangu gereji, hapa Iringa, ifungwe selfu nyingine. Ni modeli ya mia na tisa ya petroli, Series IIA ya 1968, aliyoniachia baba. Niliporudi jioni ilikuwa inawaka kwa mguso mmoja wa ufunguo. Fundi kafunga selfu ya kisasa, ndogo, nyepesi, inayozungusha injini bila kuimeza betri. Sikuwa na neno. Nikauliza ya zamani iko wapi.

"Ile kachukua mtu wa chuma chakavu, mama. Ilikuwa na uzito mzuri."

Kweli ilikuwa na uzito mzuri. Ilikuwa Lucas ya Kiingereza, pipa la chuma ambalo ukilibeba kwa mkono mmoja unaegemea upande. Kwenye ncha yake, mbali na meno, palikuwa na kifuniko kidogo cha bati ambacho mafundi wengi wa leo hawajawahi kukibandua. Chini yake kuna ncha ya shafti iliyochongwa pembe nne, tayari kushikwa na spana.

Ya nini? Selfu za namna ile hazina kitu cha kuisukuma bendeksi, ile gia ndogo ya selfu, iende kwenye meno ya flaiwili. Mota inapofyatuka kuzunguka, bendeksi kwa uzito wake inachelewa kuifuata. Ikichelewa inatambaa kwenye parafujo ya shafti mpaka inauma flaiwili. Injini ikiwaka, flaiwili inaitupa irudi kwake. Ni akili ya ajabu, ila ina ugonjwa wake: siku meno yakiumana vibaya, bendeksi inanasa. Unawasha, unasikia "tak!", taa zinafifia, kimya.

Ilitukuta njia ya Pawaga, mimi nikiwa mtoto, nyuma tumejaza magunia ya mpunga. Abiria wakaanza kushuka wasukume. Baba akawaambia subirini. Akafungua boneti, mkono ukazama hadi begani, akabandua kile kifuniko kwa kupapasa, akatia spana, akazungusha robo hivi. Kitu kikalia "klik" ndani. Akafuta mkono kwenye suruali, akawasha, tukaondoka. Hakuna aliyepiga makofi. Kwa madereva wa wakati ule lilikuwa jambo la kawaida kama kujaza maji rejeta.

Baba alikuwa na sheria moja juu ya bendeksi: ioshwe kwa mafuta ya taa, isipakwe oili. Oili inakusanya vumbi, na vumbi la Pawaga likichanganyika na oili ni gundi. Vijana wanaipaka grisi kwa nia njema kabisa, kisha wanalaumu uzee wa gari.

Ninachobishana na mafundi wetu si hiyo selfu mpya. Naitumia kila asubuhi na naipenda. Ubishi wangu ni kuuza kwa kilo kifaa ambacho mtengenezaji wake alikiri, kwa chuma, kwamba siku moja kitakwama porini, akakuachia pa kushika. Hii mpya ikikataa, sina pa kushika. Ikiwa ndiyo tegemeo langu pekee, nitakaa kandokando ya barabara nikitafuta mtandao wa simu.

Na haikuwa selfu peke yake. Kuna solenoidi za Lucas zilizokuwa na kitufe cha mpira chini: swichi ya ufunguo ikishindwa kuamsha selfu, unaacha ufunguo kwenye moto, unafungua boneti, unabonyeza kwa kidole. Jeep ya Willys ya Vita Kuu ya Pili iliweka swichi ya selfu sakafuni. Unaikanyaga, na mguu wako ndio unaokutanisha shaba na shaba, hakuna solenoidi ya kuungua.

Halafu kuna hendeli, ile ya kuwashia injini kwa mkono. Cadillac ilianza kuuza magari yenye selfu ya umeme ya Charles Kettering mwaka 1912. Land Rover ilitoka 1948, miaka 36 baadaye, na bado bumpa lake la mbele lilitobolewa tundu la kupitishia hendeli. Wale waliojua gari litakwenda wapi hawakuiamini betri peke yake. Leo, kati ya Land Rover kuukuu ninazopishana nazo mjini, tundu limezibwa kwa kibati cha namba, au bumpa lenyewe limechomelewa upya bila tundu.

Hendeli yangu ninayo. Kwa miaka mingi mama aliitumia kama komeo la banda la kuku, ndiyo maana haikuuzwa. Wiki iliyopita niliipeleka kule kule gereji. Kijana akaigeuzageuza, akauliza kama ni ya jeki. Nikamwonyesha nati ya mbele ya krenkshafti, ilivyochongwa meno ya mshazari ili injini ikiwaka iiteme hendeli. Gari likiwa katika nyutro, nikaiingiza, akaishika kama anavyoshika mpini wa jembe.

"Toa kidole gumba hapo," nikamwambia. "Kiweke upande mmoja na vingine. Ikirudi kinyume itakivunja. Na usisukume kwenda chini, vuta kuja juu."

Akavuta mara ya kwanza, ikakohoa. Ya pili ikawaka. Akaruka nyuma, akacheka, akaizima mwenyewe ili ajaribu tena.