MHESHIMIWA AMEULIZA, NA SISI TWAPIGA MAKOFI



Kila mara Mbunge au Seneta akisimama na kumwuliza Waziri habari za hospitali kukosa dawa, huku Muthurwa sifa zake zafika kabla ya jioni. Kwenye vibanda vya chai karibu na stendi ya mabasi watu husema, "Leo amewapa! Leo Waziri ametoka jasho!" Kesho yake mke wa mwenzetu aenda na mtoto dispensari, apimwa, kisha apewa kikaratasi akanunue dawa dukani. Makofi ya jana hayakugeuka vidonge.

Jambo hili yafaa tuliseme wazi, hata kama wako wasiopenda kulisikia. Kuuliza si kazi iliyokwisha. Na mtu anayeuliza hali yeye mwenyewe ndiye aliyeshika mfuko wa fedha, huyo hatuulizii sisi. Anatuchezea.

Hatusemi swali ni kitu bure. Wazee wetu walilitumia swali kama silaha pekee waliyokuwa nayo. Eliud Mathu alipoingia Legislative Council mwaka 1944 alikuwa Mwafrika mmoja kati ya Wazungu na Wahindi, naye hakuchaguliwa na raia bali aliteuliwa na Gavana. Mtu mmoja hawezi kuangusha bajeti. Angeweza kuuliza tu, na jibu likaandikwa, na watu wakalisoma. Halafu Machi 1957 wakachaguliwa Waafrika wanane, na wa Nairobi alikuwa Tom Mboya, mtu wetu wa vyama vya wafanyakazi, Katibu Mkuu wa Kenya Federation of Labour. Wengi husahau kazi yake ya kwanza. Alikuwa mkaguzi wa afya. Alifunzwa kazi hiyo Jeanes School kule Kabete, akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi, na ndani ya kazi hiyo ndipo alipojifunza kupigania mshahara. Mtu wa namna hiyo akiuliza habari za choo na maji, anajua harufu ya kitu anachouliza.

Tena tukumbuke, wale wanane walipoingia walipewa nafasi ya vyeo vya uwaziri wakakataa, kwa sababu katiba ya wakati ule haikuwa ya haki. Walipendelea kuuliza bila cheo kuliko kukaa na cheo bila nguvu. Leo mambo yamepinduka. Wetu wanayo nguvu, nao wajifanya wana swali tu.

Zamani Bungeni swali lilikuwa na mtindo wake: "Je, Waziri anafahamu kwamba...?" Waziri akasimama akasema, "Nafahamu," au "Sifahamu." Sisi twaona "Nafahamu" ndilo jibu baya zaidi. Asiyefahamu aweza kuambiwa. Lakini mtu anayefahamu kwamba hospitali haina dawa, akalisema jambo hilo kwa sauti safi, akaketi na kunywa maji, huyo utamwambia nini? Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mtindo huo ulikatika, maana Katiba ya mwaka 2010 yasema Waziri asiwe Mbunge. Akawa anaitwa mbele ya kamati, kama kifungu cha 153 kinavyoagiza. Tangu mwaka 2023, kwa kanuni zilizobadilishwa, Mawaziri wamerudi kusimama ndani ya ukumbi kuulizwa mbele ya wote. Na ile "Nafahamu" imerudi pamoja nao, ila siku hizi imevaa suti ndefu zaidi: "Wizara yangu inalishughulikia jambo hilo pamoja na wadau."

(Kifungu cha 120 chasema lugha za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na lugha ya ishara. Lakini habari za fedha husemwa Kiingereza, na Kiswahili huja zaidi wakati wa kutaniana. Mfanyakazi aliyesoma shule ya misheni mpaka darasa la mwisho la primari aelewe vipi?)

Haya, tuingie kwenye mfuko wetu wenyewe. Tazameni karatasi ya mshahara. Tangu Oktoba 1, 2024 hatukatwi tena ya NHIF, ile iliyoanza kwa sheria ya mwaka 1966. Twakatwa ya SHA, asilimia 2.75 ya mshahara mzima kabla ya makato. Tuhesabu kwa haki, maana chama kisichohesabu kwa haki hakisikilizwi. Mwenye Shs. 20,000/- alikuwa akikatwa Shs. 750/-, sasa ni Shs. 550/-. Huyo amepunguziwa, tukubali. Mwenye Shs. 50,000/- alikuwa akitoa Shs. 1,200/-, sasa ni Shs. 1,375/-. Mwenye Shs. 100,000/- alikuwa akitoa Shs. 1,700/-, sasa ni Shs. 2,750/-, na kila akiongeza ovataimu makato nayo yaongezeka, hayana dari. Hatukatai aliye na zaidi atoe zaidi. Hiyo ni desturi ya chama chochote cha wafanyakazi. Lakini aliyetoa ana haki ya kupokelewa kwenye dirisha la hospitali bila kuambiwa "mtambo umelala" au "hapa hatujalipwa."

Na mtambo wenyewe? Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alisema katika ripoti iliyojulikana kwa watu mwezi wa Machi 2025 kwamba mtambo wa SHA, wa gharama ya Shs. bilioni 104.8, si mali ya Serikali. Umelipiwa kwa mpango ambao wananchi hawaumiliki. Basi Waheshimiwa wakasimama kwa hasira. Wakauliza. Wakagonga meza.

Sisi twauliza swali letu dogo. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa sahihi tarehe 19 Oktoba 2023. Haikushuka kutoka mbinguni. Ilipita Bungeni, ikasomwa mara zinazotakiwa, na mikono ikainuliwa. Mheshimiwa aliyeinua mkono mwaka 2023 bila kuuliza mtambo utakuwa wa nani, akaja kuuliza mwaka 2025 kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, yeye ni shahidi au ni mshitakiwa? Hansard ipo. Kila neno lake limeandikwa humo, hata ukimya wake waweza kusomeka.

Sasa habari ya makontena, ambayo sisi watu wa reli twaielewa kuliko wengine kwa sababu kontena ndiyo kazi yetu. Wizara ya Afya ilinunua kliniki 100 zilizotengenezwa ndani ya makontena, za kupelekwa mahali kama mitaa ya maskini, kwa bei ya karibu Shs. milioni 10 kila moja. Mwaka 2016 habari hiyo ilipolipuka makontena yalikuwa Miritini, Mombasa, katika uwanja wa NYS. Kamati za Bunge zikaita watu, zikauliza bei, zikauliza ni nani aliyeagiza, zikauliza mbona hayaondoki. Miaka ikapita, makontena yakiota kutu pale pale. Abiria wa treni ya Madaraka, iliyoanza Mei 31, 2017, wanashukia Miritini hiyo hiyo! Treni ya mizigo imekuwa ikipita na maelfu ya makontena ya wafanya biashara kuja Nairobi, na kwa miaka hakuna aliyepata njia ya kupakia yale 100. Sisi twajua behewa lisilo na karatasi haliondoki stesheni. Basi karatasi yake ilikuwa kwa nani? Swali liliulizwa. Jibu lilitolewa. Kutu haikusikia.

Iko sababu nyingine ya majibu kupotea. Katiba, katika Orodha ya Nne, imegawa kazi: hospitali kubwa za rufaa na sera ni za Serikali kuu, hospitali nyingine na dispensari ni za Kaunti. Mgawo huo si mbaya. Ubaya ni jinsi unavyotumiwa. Ukimwuliza Waziri habari za dispensari asema nenda kwa Kaunti. Ukienda Kaunti waambiwa fedha hazijatoka Hazina. Hapa Nairobi tuliona zaidi ya hayo. Februari 2020 kazi ya afya ilitolewa kwa Kaunti ikapelekwa kwa Nairobi Metropolitan Services, na mwisho wa Septemba 2022 ikarudishwa. Mgonjwa hakuhama, tumbo lake liliuma mahali pale pale, lakini mwenye kujibu alihamishwa mara mbili kama behewa linalosukumwa huku na huku uwanjani.

Na madaktari na wauguzi, ambao ni wafanyakazi kama sisi? Mkataba wa madaktari ulitiwa sahihi Juni 2013. Haukutekelezwa. Wakagoma tangu tarehe 5 Desemba 2016 mpaka 14 Machi 2017, siku 100, na viongozi wao wakatiwa jela kwa siku kadhaa mwezi wa Februari. Wakagoma tena mwaka 2024, siku 56. Kila mara Bungeni waliulizwa wao: mbona mwawaacha wagonjwa? Wachache waliuliza ni nani aliyevunja sahihi yake. Sisi wa reli tusiwe miongoni mwa wanaomlaani daktari mgomaji. Mkataba ukivunjwa kwake leo bila adhabu, wetu utavunjwa kwa mfano huo huo.

Tena afya haikai hospitali tu. Muthurwa ilijengwa wakati wa ukoloni kuwa landi za wafanyakazi wa reli. Mwaka 2010 wapangaji waliambiwa wahame, wakaenda High Court, Kesi Nambari 65 ya mwaka huo. Tarehe 30 Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola alikata kwamba haki yao ya makao yanayofaa ilivunjwa, na akataka Serikali ieleze sera yake juu ya nyumba na kufukuzwa kwa watu. Angalieni ni nani waliopata jibu la namna hiyo: ni wapangaji waliouliza wao wenyewe, kwa majina yao, wakiwa na barua mkononi na tarehe. Hawakungoja Mheshimiwa. Na leo mfanyakazi wa landi akatwa asilimia 1.5 nyingine ya mshahara kwa nyumba za bei nafuu, kwa sheria ya Machi 2024. Yupi kati yetu amejua ni nyumba ipi?

Twasema basi: Mheshimiwa akitaka makofi yetu aulize maswali yenye namba, kisha akatae fedha zisipite mpaka ajibiwe. Kifungu cha 95 chasema Bunge la Taifa ndilo linalogawa fedha. Serikali za Afrika ziliahidi kule Abuja, Aprili 2001, kutoa asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na Kenya haijafika hapo. Mbunge asiyetaja 15 siku ya bajeti asitusumbue kwa "Je, Waziri anafahamu" miezi sita baadaye.

Na sisi tusikae. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yampa ofisa wa Serikali siku 21 za kumjibu raia aliyeomba habari kwa maandishi, na ikiwa ni jambo la uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Hakuna mahali inaposema raia awe Mbunge. Kifungu cha 119 chamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi Bungeni. Tawi letu laweza kuandika kwa Kaunti: ni dawa gani zilizopelekwa dispensari za Eastlands kila mwezi, na ni siku ngapi zilikosekana. Laweza kuandika kwa SHA: madai ya hospitali zetu yalilipwa baada ya siku ngapi. Majibu yakija, au yasipokuja, nakala yapelekwa kwa Mbunge na Seneta, nao waambiwe tunangoja waisome ndani ya ukumbi, kwa Kiswahili.

Mkutano wa tawi ujao, kila mwanachama aje na karatasi yake ya mshahara tangu Oktoba 2024, na vikaratasi vyote vya dawa alizoambiwa akanunue nje, vyenye tarehe. Katibu ataviandika katika daftari moja. Jina la mgonjwa lifunikwe kabla ya kutoa nakala, maana ugonjwa wa mtu si habari ya watu wote. Ambaye yuko zamu siku hiyo ampe mwenzake amletee.