Mwajiri wako ni jimbo? Soma hii kabla hujajifungua (Sehemu ya 4)

Mama zangu mlioko Marekani, leo naongea na nyie mnaofanya kazi hospitali za jimbo, vyuo vya jimbo na ofisi za jimbo.

Wengi mnaijua FMLA, sheria ya shirikisho ya mwaka 1993: likizo ya hadi wiki 12 bila mshahara, na kazi yako inakusubiri. Ila ukinyimwa na mwajiri ni jimbo, haki ya kudai fidia inategemea mgonjwa ni nani.

Kisa ni Marekebisho ya 11 ya Katiba, ya mwaka 1795. Yanayapa majimbo kinga wasiyadai fidia ovyo kwenye mahakama za shirikisho. Bunge la shirikisho linaweza kuiondoa kinga hiyo, lakini kwa masharti magumu. Mwaka 2003, Hibbs wa Nevada, aliyekuwa akimuuguza mkewe, alishinda Mahakama ya Juu: likizo ya kuuguza familia, jimbo linashtakika. Mwaka 2012, Coleman wa Maryland alishindwa, majaji 5 kwa 4: likizo ya kuugua wewe mwenyewe, jimbo huliwezi.

Sasa jamani, mimba ikikulaza kitandani, au una kidonda cha upasuaji, huo unahesabika ugonjwa wako mwenyewe. Yaani unaweza kushtaki kwa ajili ya mtoto, lakini si kwa ajili ya tumbo lililombeba! Wodini hatuwatenganishi hivyo. Mama asipopona, mtoto anahudumiwa na nani? Jaji Ruth Bader Ginsburg aliupinga uamuzi ule, na mimi nasimama naye.

Msikate tamaa. Kaunti na jiji hazina kinga hii. Wizara ya Kazi ya shirikisho inaweza kulishtaki jimbo kwa niaba yako. Na sheria ya wajawazito kazini, iliyoanza kutumika Juni 2023, imetamka wazi kwamba majimbo hayana kinga mbele yake.

Jimbo pia linaweza kukubali lenyewe kushtakiwa. Minnesota ilishafanya hivyo kwa FMLA. Kwa nini lako lisifanye? Mwulizeni mbunge wenu wa jimbo.

Na kabla hujajaza fomu ya likizo, uliza ofisi ya utumishi: kisheria, mwajiri wangu ni nani? Jibu lao liwe kwa maandishi, sawa?