Hiyo Nusu Mmeitoa Wapi?

Mhubiri mmoja mjini Kahama amewaambia wanaume wa kanisa lake wanunue vipimo vya DNA vya kujipimia nyumbani, kwa sababu "nusu ya watoto mnaowalea si wenu". Wakaitikia amina. Nimechoka na hiyo nusu. Naisikia vijiweni Katoro, naisikia kwenye mabasi ya Geita, naisikia hata kwa watu waliosoma.

Nusu hiyo ilitoka kwenye mafaili ya vipimo ya Mkemia Mkuu wa Serikali, nayo ni mafaili ya watu waliokwisha kugombana. Sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009 haimwachi mtu ajipeleke tu. Ombi hupitia mahakamani, ustawi wa jamii, polisi au kwa wakili. Nani anafika huko akiwa na amani nyumbani kwake? Ukihesabu wenye mashaka peke yao, utavuna mashaka. Watafiti wa Ubelgiji walipochunguza koo za watu wasio na kesi yoyote, walikuta mtoto wa nje ni kama mmoja katika kila mia. Mmoja!

Na hivyo vijiti vya pamba vinavyoagizwa mtandaoni, vimesugua shavu la nani? Maabara ya ng'ambo husoma mate yaliyoifikia, haijui yametoka kinywani mwa nani. Tena kama anayeshukiwa ni ndugu wa tumbo moja wa mume, aliyechimba naye duara moja la dhahabu kule Nyarugusu, kipimo kisichoambiwa habari hiyo kinaweza kupotosha, maana ndugu hao wanashiriki vinasaba vingi. Ndoa inavunjwa kwa karatasi ambayo hakuna shahidi aliyeisimamia.

Eti mtoto hafanani na baba yake! Mwanaume anakimbilia rashi ya dhahabu kutoka Mgusu hadi Rwamgasa, miezi inapita hatumi hata hela ya unga, kisha anarudi kukagua pua ya mtoto. Huyo hatafuti ukweli, anatafuta kukwepa ada ya shule. Kila niliyemwona akikililia kipimo alikuwa ameacha kutoa matunzo kitambo.

Shinyanga, mkoa wenye Kahama hiyo, ndiyo ingepaswa kuogopa uhakika wa kununua kuliko wengine. Hapa vikongwe wamekatwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia, na mpiga ramli ndiye aliyetaja jina. Watu walinunua uhakika kwa fedha, mwanamke akaulipia kwa uhai wake. Leo mnanunua uhakika mwingine, na anayeshtakiwa ni mwanamke yule yule.

Sheria ya Mtoto, nayo ya 2009, inaitambua DNA, lakini imeiweka pamoja na jina lililoandikwa katika daftari la vizazi, mila alizozitimiza baba, na kumkiri mtoto hadharani. Wasukuma hawakungoja maabara: ng'ombe wa mahari wakishatoka, mtoto anayezaliwa katika mji ule ni wa mwenye ng'ombe. Waswahili nao wakasema kitanda hakizai haramu. Hawakuwa wajinga. Walijua mtoto anahitaji mtu wa kumwita baba kabla hajahitaji jibu la maabara.

Mwenye shida ya kweli, ya mirathi au ya mtoto aliyekataliwa, aende kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake, na mama wa mtoto awepo. Ila ajiandae: afisa atataka kujua kwanza mara ya mwisho alitoa lini hela ya matunzo.