Mchoro wa Mitokondria na Tunda la Kakao

Mwanafunzi wa sekondari wa Kasumulu, kando ya mto Songwe unaoitenga Tanzania na Malawi, atakiwapo kuchora mitokondria huchora umbo la yai lenye tando mbili, wa ndani ukiwa umekunjwakunjwa kama pazia. Hupata alama zake zote. Ni nadra kuulizwa mchoro huo ulipatikanaje, na hapo ndipo ufundishaji wa biolojia unapopungukiwa.

Hadubini ya nuru haiwezi kutofautisha vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi. Mitokondria, ambayo upana wake aghalabu ni nanomita 500 hadi 1,000, huonekana humo kama punje tu. Undani wake ulifichuliwa na hadubini ya elektroni, iliyobuniwa Ujerumani na Ernst Ruska na Max Knoll mwaka 1931. Lakini elektroni hazipenyi kitu kinene. Kwa hiyo seli huimarishwa kwa kemikali ya osimiamu, huondolewa maji, huzamishwa katika plastiki ngumu, kisha hukatwa vipande vya unene wa nanomita 70 hivi. Kinachopigwa picha ni kipande chembamba cha seli iliyokufa.

Walimu wa Kyela wanacho kielelezo shambani. Tunda la kakao likikatwa kwa upana, mbegu huonekana zimezunguka kiini. Likikatwa kwa urefu, huonekana zimejipanga safu. Aliyeona kipande kimoja hajaliona tunda.

Wataalamu nao walikwama hapo. Mwaka 1952 George Palade, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya 1974, alieleza kwamba utando wa ndani umejikunja. Mwaka uliofuata Fritiof Sjöstrand wa Sweden alidai kuwa kilichomo ni kuta zilizojitenga. Wote walisoma vipande. Rai ya Palade ikashinda, na vitabu vikaichora kama mikunjo yenye midomo mipana. Katika miaka ya 1990, watafiti waliinamisha kipande kinene zaidi hatua kwa hatua, wakapiga picha nyingi na kuziunganisha kwa kompyuta. Ilidhihirika kuwa mikunjo hiyo hushikamana na utando wa pembeni kwa vijineli vyembamba, vya nanomita 30 hivi. Vitabu vingi vya shule bado havijasahihishwa.

Mtungaji wa mtihani angeweza kutoa picha mbili za mitokondria, moja ya mviringo na nyingine ndefu, akamtaka mtahiniwa aeleze jinsi zote mbili zinavyoweza kutoka katika umbo moja. Maandalizi ya swali hilo hayahitaji mashine ya mamilioni. Darasani Kasumulu yahitaji kisu na matunda mawili ya kakao.