Huyo Jitu Mnayemlaiki ni Mama

Kila Septemba video ni zile zile. Boti ya kukodi kule Homer au Sitka, Alaska. Watalii wamevaa majaketi ya mvua, na mmoja amesimama kando ya samaki bapa anayemzidi urefu. Nahodha anapiga kelele, muziki unaingia, na sisi huku Nairobi na Mombasa tunajaza komenti: "Noma sana!"

Wasee, wacha niseme bila kuzungusha. Hiyo si noma, ni hasara. Huyo samaki alifaa kurudishwa majini.

Biolojia kidogo, haiumi. Huyo ni halibati wa Pasifiki. Dume hakui sana, kwa hivyo ukiona halibati wa zaidi ya kilo 45, karibu kila mara ni jike. Jike huchukua kama miaka 12 hivi ndiyo aanze kutaga, na kadiri anavyokua ndivyo mayai yanavyoongezeka. Wa kawaida hutaga kama nusu milioni, lakini jitu anaweza kufikisha milioni 4. Na hutaga lini? Kati ya Novemba na Machi, kwenye kina kirefu. Sasa piga hesabu. Ukimtoa Septemba, umemtoa akiwa amekula kiangazi kizima, amejiandaa, amebakisha miezi michache tu.

Najua mwisho wa msimu una raha zake: watu wamepungua, na samoni aina ya koho wamejaa. Kwa koho sina shida. Koho huishi kama miaka mitatu, huingia mtoni, hutaga msimu mmoja, kisha hufa. Mkichukua kiwango kilichowekwa na wengine wakapita kwenda kutaga, maisha yanaendelea. Halibati ni hesabu nyingine kabisa. Anaweza kuishi zaidi ya miaka 50, na akishakomaa hutaga tena na tena. Usiniambie ni sawa ati kwa sababu wote wawili walivuliwa kwenye boti moja.

"Lakini sheria inaruhusu." Ndiyo, na hapo ndipo nakasirika zaidi. Kusini mashariki mwa Alaska, mteja wa boti ya kukodi anaruhusiwa halibati mmoja kwa siku. Kwa miaka ya karibuni sheria imekuwa hivi: mdogo mchukue, wa katikati mrudishe, lakini akifika inchi 80, yaani zaidi ya mita mbili, mchukue. Soma tena pole pole. Wa katikati analindwa, halafu mama mkubwa kuliko wote anafunguliwa mlango! Mimi naona jambo moja tu hapo: mteja analipia picha, na picha lazima ipatikane.

Na si eti samaki wako tele. Marekani na Kanada zina tume ya pamoja ya halibati tangu 1923, na makadirio yake ya karibuni yanaonyesha samaki wa kutaga wamepungua hadi kiwango ambacho hakijaonekana kwa miongo kadhaa. Mwaka 2025 tume ilipunguza tena kiasi cha kuvuliwa. Nani anaumia? Si mtalii, yeye amesharudi kwao na picha yake. Anaumia mvuvi mdogo wa pwani ile anayelipa mkopo wa boti, na familia za wenyeji wanaotegemea samaki huyo kwa chakula cha nyumbani. Hata manahodha wenyewe wanaumia, maana kuna maeneo wanakatazwa kuwavulia wateja halibati siku fulani za wiki.

Kuna atakayeniambia niende nigombane na meli kubwa za kukokota nyavu, zinazoua halibati ambao hata hazikuwa zinawatafuta. Sawa, hoja ni ya kweli. Mwaka 2021 baraza la uvuvi la kule lilipiga kura kwamba kikomo cha kundi moja la meli hizo kifuate wingi wa halibati baharini. Wakipungua, na kikomo kinashuka. Kama meli ya mamilioni inaweza kuambiwa ipunguze, kwani wewe na simu yako ni nani?

Tena kumrudisha si ngumu. Halibati hana kibofu cha hewa, kwa hivyo haumizwi na kupandishwa kutoka chini kama samaki wengine wa kina. Mwache majini kando ya boti, mpime urefu, piga picha, toa ndoana, aende. Uzito? Kuna jedwali linalokadiria kilo kutokana na urefu. Huna haja ya kumpiga risasi kichwani ndiyo apande botini, na ndiyo, hilo hufanywa.

Hata jikoni huyo jitu hana maana. Wadogo ndio wenye nyama laini. Wakubwa wana zebaki zaidi, na idara ya afya ya Alaska yenyewe huwashauri wanawake wanaoweza kupata mimba na watoto wapunguze kuwala.

Kwa hivyo tuelewane. Chukua koho wako, chukua halibati mdogo wa kula, mama mwache. Na sisi tunaotazama tu, tuache kulipa kwa laiki kitu tusichokitaka. Ukiona jitu ametundikwa bandarini, pita kimya. Ukiona anaachiliwa anazama zake, hapo sasa jaza komenti mpaka mwenye akaunti ashangae.