Tairi Pana, Akili Nyembamba

Wadau, leo nina neno na vijana wenzangu wa mjini, hasa ninyi mliosoma. Sina ugomvi na pikipiki. Pikipiki ndiyo inayotufikisha kazini siku foleni ya Barabara ya Mandela ikigoma kabisa. Ugomvi wangu ni na huu mtindo wa kung'oa gurudumu la nyuma lililotoka na pikipiki kiwandani na kupachika jingine nene, eti mashine "ikae kibabe".

Utaziona kwenye vijiwe hapa Dar. Pikipiki ya cc 125 au 150, kiunoni imekonda kama mbuzi wa kiangazi, nyuma imebeba tairi la pikipiki kubwa. Na msidhani ni bodaboda peke yao. Vijana wa maofisini, wenye vyeti vimetundikwa ukutani, nao wamo. Waulize kwa nini, utapewa sababu tatu: inashika barabara, inabeba mzigo, inapendeza. Haya, tuzichambue.

Kwanza tujifunze kusoma ubavu wa tairi. Pikipiki nyingi za biashara zinakuja na tairi la nyuma lililoandikwa 3.00-17 au 3.00-18. Maana yake ni upana wa inchi 3, kama milimita 76, kwenye rimu yenye kipenyo cha inchi 17 au 18. Sasa chukua tairi la 130/70-17. Hapo upana ni milimita 130, kimo cha ukuta wake ni asilimia 70 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 17. Toa 76 kwenye 130, unabaki na 54. Yaani milimita 27 za ziada kila upande. Kumbuka hiyo 27, tutaihitaji.

Rimu za spoku za pikipiki hizi ndogo mara nyingi zimegongwa 1.60 au 1.85. Huo ni upana wake kwa inchi. Tairi la 130 limekusudiwa rimu ya inchi 3 kwenda juu. Ukililazimisha kwenye rimu nyembamba, kingo zinabanwa, mgongo unachongoka kama yai, na kinachogusa lami ukienda wima ni ukanda mwembamba wa katikati. Umelipia upana, unatembelea wembamba!

"Sisi tunabadili na rimu," wajanja watasema. Sawa. Hapo ndipo ile 27 inapodai haki yake. Upande mmoja kuna cheni, mwingine kuna vyuma vya breki, na pande zote mbili kuna uma unaoshika gurudumu. Nafasi haipo. Basi fundi anafanya nini? Anasogeza gurudumu pembeni, na kuanzia siku hiyo gurudumu la nyuma halifuati njia ya la mbele. Au anaweka washa nyuma ya sproketi ili cheni ikwepe tairi. Cheni inakimbia mshazari, inakula meno ya sproketi, na siku moja inaruka. Cheni ikiruka na kujisokota kwenye gurudumu, gurudumu linajifunga hapo hapo, pikipiki ikiwa kwenye mwendo. Au, kibaya kuliko vyote, anaukata ule uma na kuuchomelea upya. Chuma kinachobeba watu wawili juu ya mashimo yetu, kimeungwa kwa macho chini ya mwembe!

Turudi kwenye zile sababu.

"Inashika barabara." Fanyeni hesabu ya sekondari. Tuseme gurudumu la nyuma limebeba kilo 150 na upepo ndani ya tairi ni psi 36, ambazo ni kama kilo 2.5 kwa kila sentimita moja ya mraba. Gawanya. Sehemu inayogusa lami ni kama sentimita 60 za mraba. Weka tairi jembamba, weka nene, ilimradi mzigo ni ule ule na upepo ni ule ule, jibu halisogei mbali na hapo. Kinachobadilika zaidi ni umbo: kipande kirefu chembamba kinakuwa kifupi kipana. Faida ya upana inaonekana pale injini ya farasi 200 inapolichemsha tairi wakati wa kutoka kwenye kona. Yako ina farasi 12. Itachemsha nini?

Na ukishika breki kwa nguvu, uzito unahamia mbele. Tairi la mbele ndilo linalofanya kazi kubwa ya kusimamisha pikipiki, na hilo hukuligusa! Tena tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma pembeni lami ikilowa. Kwenye tope la masika linaelea juu, wakati jembamba linakata kutafuta udongo mgumu. Kwenye mchanga mkavu nitawapa haki yenu: upana unasaidia kutozama. Lakini wangapi kati yenu wanaendesha ufukweni kila siku?

"Inabeba mzigo." Hapana. Mzigo unabebwa na jinsi tairi lilivyojengwa pamoja na upepo uliomo. Ndiyo maana kuna tairi za kipimo kile kile zenye maandishi 4PR na nyingine 6PR, na hiyo ya pili imejengwa kubeba zaidi. Unataka kubeba gunia? Nunua 6PR ya kipimo chako na ujaze upepo unaotakiwa. Tena unaponenepesha tairi, shokapu ni zile zile, na uma ni ule ule, kama haujakatwa. Umepewa kiatu kikubwa, mguu haukukua. Na kama mzigo wenyewe ni mishikaki, abiria watatu mgongoni, basi dawa yako siyo tairi.

Kuna na gharama ya kimyakimya. Kwa hesabu ya karatasi, lile tairi la 130/70-17 lina kipenyo kikubwa kuliko 3.00-17 kwa kama asilimia 5, na ni zito zaidi. Ni sawa na kuongeza ugumu wa kila gia. Mlimani injini inalia, klachi inateseka, mafuta yanakwenda. Breki ya nyuma nayo ina gurudumu kubwa na zito zaidi la kusimamisha. Kijana wa mkataba, anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni, anachoma ugali wake kwa ajili ya umbo!

"Inapendeza." Hii ndiyo sababu ya kweli, na angalau ni ya uaminifu. Tumeona pikipiki za Marekani zenye tairi la nyuma kama pipa, tukazipenda. Harley-Davidson Breakout ina tairi la nyuma la milimita 240. Lakini ile ina injini ya zaidi ya cc 1,600, na uma wake, rimu yake na njia ya kupeleka nguvu nyuma vilichorwa kiwandani kwa ajili ya upana huo. Sisi tunachukua picha, tunaacha hesabu iliyoko nyuma ya picha.

Ingekuwa unaendesha peke yako nyumbani kwenu, ningenyamaza. Ila mgongoni kwako kuna mwanafunzi, kuna mama na mtoto wake, na hakuna aliyewauliza kama wanakubali uma wa kuchomelea. Kila mtu Dar anaijua MOI pale Muhimbili na majeruhi wa pikipiki wanaoishia pale. Tunalaumu mashimo, malori na mwendo kasi, na tunalaumu kwa haki. Hiki cha kuitengeneza hatari kwa mikono yetu na kumlipa fundi juu, tumlaumu nani?

Sisemi pikipiki isiguswe. Ukitaka kupanda, panda hatua moja tu, ndani ya vipimo ambavyo mtengenezaji wa tairi ameviruhusu kwa rimu yako. Pima nafasi kila upande huku gurudumu linazunguka. Cheni ibaki imenyooka. Fundi akiwasha mtambo wa kuchomelea, sukuma pikipiki yako uondoke. Na wewe abiria msomi, kabla ya kupanda, inama sekunde tano utazame kwa nyuma kama magurudumu mawili yamekaa mstari mmoja. Hayajakaa? Ita nyingine.

Naomba kutoa hoja.