SANGARI HUPIGWA BAADA YA KUVUNA

Mahindi yakiisha kuingia ghalani, wakulima wengi husema kazi ya mwaka imekwisha. Lakini tazama shamba lako. Sangari iliyojificha chini ya mabua sasa imepata jua, wala haina mpinzani. Ukiiacha, ndiyo itakayokula mbolea utakayonunua mwakani.

Wengine huita trekta mara moja. Hilo halifai. Nguvu ya sangari haiko katika majani, bali katika mizizi mirefu itambaayo chini ya udongo, na kila kipande chenye kifundo huweza kuchipua. Plau na haro huikata vipande na kuisambaza. Umelipa fedha ya kulima, kumbe umeipanda.

Katika Trans Nzoia na Uasin Gishu mahindi hupandwa mara moja kwa mwaka, na kati ya mavuno na mvua za Machi pana nafasi. Itumie. Ondoa mabua ili majani ya sangari yaonekane. Yakiwa mabichi na yanakua, nyunyizia dawa iitwayo glaifoseti. Dawa hii huingia majanini na kushuka mpaka mizizini, kwa hiyo juu ya majani makavu haifai kitu. Ikiwa jua limekwisha kuyakausha, ngoja mvua iyachipushe, hata kama jirani yako ameanza kulima. Tumia maji safi, kwa maana matope huiondolea dawa nguvu. Chagua siku isiyo na upepo wala dalili ya mvua. Kisha ngoja wiki mbili au tatu kabla ya kulima. Anayelima kesho yake ametupa fedha yake.

Wako watakaosema dawa ni ghali. Ni kweli. Mwenye shamba dogo na achimbe kwa jembe la meno, akusanye mizizi yote, aianike hata ikauke, kisha aichome. Ni kazi ngumu, lakini inafaa.

Wengine huogopa sumu, nao wana haki. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka glaifoseti katika vitu vinavyoelekea kuleta saratani kwa binadamu. Basi isitumiwe ovyo. Muulize Afisa wa Kilimo ni dawa ipi iliyosajiliwa na Serikali wakati huu. Soma maandishi ya chupa na ufuate kipimo chake. Vaa glavu, viatu vya mpira na nguo ndefu. Usinyunyizie karibu na mto, wala usiingize ng'ombe shambani kabla ya siku zilizoandikwa. Chupa tupu isitiwe maji wala maziwa kamwe.

Mkulima mwenzangu, sangari haijui mpaka. Zungumza na jirani yako, mfanye kazi hii pamoja. Shamba safi huanza siku ya kuvuna, si siku ya kupanda.